Uliza Mama Saiti: Kabla Greda Halijaingia

Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia kwenye miradi ya barabara na mabwawa nikiwa afisa mazingira, enzi ambazo wahandisi walituita watu wa vipepeo. Siku hizi nimestaafu, nipo Muheza, naotesha miche ya miti ya asili na kujibu barua zenu. Mwezi huu karibu kila barua inauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: mradi unapoingia mahali, wanyama na mimea ya pale inanusurika vipi, na magugu ya kigeni yanazuiliwa vipi yasije na mashine. Nimechagua sita. Mlioniuliza kuhusu fidia ya mashamba, nitawajibu toleo lijalo.

Shikamoo Mama Saiti. Mimi ni opereta wa greda. Tunajenga barabara ya changarawe huku Karatu. Kifusi tunachota kwenye machimbo yaliyo kando ya barabara kuu, na kuzunguka machimbo kumejaa gugu karoti, lile lenye vimaua vyeupe. Nilimwambia msimamizi tuoshe matipa kabla hayajaingia vijijini, akanijibu, "Umeajiriwa kuendesha greda au kufua?" Je, nahangaika bure? Halafu vibarua wawili wameanza kuwashwa mikono na shingo. — Opereta, Karatu

Marahaba mwanangu. Huhangaiki bure hata kidogo.

Hilo gugu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kwetu liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Tangu hapo safari zake ni za barabarani. Ukitaka kujua limefika wapi, usianzie mashambani. Tembea kando ya lami, kwenye maegesho ya malori, kwenye machimbo ya kifusi na nyuma ya kambi za wakandarasi. Mmea mmoja ukistawi hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na mvua ikiwepo huanza kuchanua yapata mwezi mmoja tu baada ya kuota. Australia linasadikiwa kuingia mara ya kwanza na vipuri vya mashine za wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha likaingia tena na mbegu za majani ya malisho kutoka Marekani. Leo kule Queensland wana sehemu maalumu za kuoshea magari na mitambo kwa sababu ya magugu kama hili. Kwa hiyo swali la kufua ulilotupiwa, wenzetu wamelijibu kwa zege na bomba la maji.

Ila nakuunga mkono nusu tu. Umefikiria matairi, na shehena je? Kuosha tairi la tipa huku mgongoni limejaa kifusi chenye mbegu ni sawa na kumnawisha mtu miguu ilhali ndoo ya tope iko kichwani pake. Kazi ya kwanza ipo machimboni. Tembeeni kuzunguka shimo kabla ya kuchota. Upande wenye gugu uacheni, chimbeni uso ulio safi. Kama hakuna uso safi, kwangueni ule udongo wa juu wenye mizizi na mbegu, usukumeni pembeni hapohapo machimboni na ubaki kwa ajili ya kufukia shimo mwisho wa kazi. Udongo huo usipakiwe kwenye tipa. Kifusi cha chini, ambacho hakijaona jua, ndicho cha kwenda barabarani. Njia ya matipa kuingia na kutoka ing'olewe magugu mapema, mvua ikiwa imelainisha ardhi na kabla vimaua havijatokea. Ukingoja maua, unapong'oa unasaidia kupanda.

Kuosha kuna mahali pake: mtambo unapohama kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Hapo osha kule unakotoka, kabla haujapandishwa lobedi, lile lori la kubebea mitambo, si kule unakofika. Tope la hatari halikai panapoonekana. Angalia ndani ya minyororo ya katapila, juu ya bamba la tumboni, kwenye meno ya kijiko, katikati ya matairi pacha, kwenye wavu wa rejeta na chini ya kapeti la dereva. Pasipo maji ya kutosha, ufagio mgumu na upepo wa kompresa hufanya sehemu kubwa ya kazi. Maji ya kuoshea yaelekezwe kwenye shimo, mbali na mto, na mtu mmoja apewe jukumu la kupitia sehemu hiyo kila baada ya mvua, kwa sababu kitakachoota kitaanzia hapo.

Sasa kuhusu msimamizi wako. Si lazima awe mtu mbaya. Anajua jambo moja la saiti: kisichomo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, hakilipwi, na tipa lililosimama linaoshwa ni tripu iliyopotea. Kubishana naye mbele ya vibarua hakutakusaidia. Mwendee afisa mazingira wa mradi, au mhandisi mshauri, umwombe akuonyeshe mpango wa usimamizi wa mazingira. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi unaotakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira hauanzi bila hiyo tathmini, na mpango huo hutoka humo. Mara nyingi utakuta kuna mstari unaosema magugu vamizi yatadhibitiwa. Uliwekwa na mshauri ofisini Dar es Salaam, hakuna aliyeusoma tena. Ukiupata, si wewe tena unayemwambia msimamizi afue. Ni mkataba wake.

Na vibarua wanaowashwa: ni gugu hilohilo. Ngozi ikishalikataa, kila linapoigusa tena hali huzidi, na wenye pumu hubanwa kifua. Waondolewe kwenye kazi ya kung'oa, waende zahanati. Wanaobaki wavae glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, na wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Waambie pia wafugaji wa hapo wasiwaachie ng'ombe walile. Maziwa hutoka na ladha mbaya.

Jambo la mwisho, na hili wengi hulisahau: barabara ikikabidhiwa kuna kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi hurudi kuziba nyufa na mashimo. Kung'oa gugu karoti kandokando ya barabara kuwe kwenye orodha ya kipindi hicho. Karatu ni mlango wa Ngorongoro, na mbele yake ni Serengeti. Kitakachoota kwenye mtaro wako kina usafiri wa bure wa magari ya watalii kila siku.

Mama Saiti, shikamoo. Nimenunua ploti Diani, ina miti mikubwa ya zamani. Fundi mkuu anasema tufyeke yote ili lori lipate kuingia, nitapanda mingine baadaye. Jirani yangu mzee ananiambia mbega hupita juu ya ploti hiyo kila asubuhi. Nisipofyeka nitajenga vipi? — Mama wa watoto watatu, Diani

Marahaba mwanangu. Huyo fundi wako anajenga kwa urahisi wake, si kwa faida yako.

Mbega wa Diani, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, hula majani na hutembea juu kwa juu. Ukikata shina moja katikati ya njia yao, hawahami, wanashuka chini. Chini kuna mbwa, na kuna barabara. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa Colobus Conservation, shirika la kuhifadhi mbega lenye makao hapo hapo Diani, wakaanza kutundika madaraja ya kamba na mipira juu ya barabara ya ufukweni ili mbega, kima na tumbili wavuke bila kugusa lami. Ukipita utayaona, yananing'inia kama ngazi zilizolazwa. Nenda kawaone watu hao kabla hujampa fundi malipo ya kwanza. Wanajua njia za makundi kuliko jirani yako, ingawa jirani yako naye asidharauliwe.

Ploti haifyekwi ili ijengwe, inapimwa. Chukua kopo la rangi. Weka alama mahali pa nyumba, njia moja tu ya lori, shimo la choo na mahali pa kurundika mchanga na kokoto. Miti iliyo nje ya alama hizo haiguswi. Yale matawi yanayogusana ya jirani kwa jirani ndiyo barabara ya mbega, hayo yaache hata kama shina lenyewe halikupendezi. Zungushia vigingi na kamba kila mti unaobaki, umbali wa kutosha kutoka shinani, na umkanye fundi asichanganye zege juu ya mizizi wala asirundike udongo kwenye shina. Mbambakofi hauanguki siku hiyo. Unakauka polepole, na miaka mitatu baadaye kila mtu anasema ni wadudu.

Ukitaka kumfurahisha fundi mwenye shoka, mwelekeze kwenye miche ya mwarobaini. Ndiyo, najua ni dawa, najua kila nyumba ya Pwani inao. Lakini si wa kwetu, ulitoka Asia ya Kusini, ndege hueneza mbegu zake, na kwenye vichaka vya pwani unazidi kusogea. Mmoja mkubwa wa kivuli ubaki. Utitiri wa miche chini yake uondoke.

Halafu umeme. Waya uchi huua mbega wengi zaidi ya watu wanavyodhani, maana akishika waya mmoja na mkia ukagusa wa pili amekwisha. Unapoomba kuunganishiwa, omba waya wenye gamba kutoka nguzoni hadi kwako. Matawi yanayokaribia waya yapunguzwe ili asipate pa kurukia, ila punguza upande wa waya tu. Nimeona watu wakipewa ushauri wa kupunguza matawi, wakaupa mti upara.

Kama barabara ya mtaani kwenu itawekwa lami, dai matuta mapema. Pale Jozani, Unguja, lami ilipowekwa miaka ya 1990 kima punju walianza kugongwa mara kwa mara, na kima hao hawapo popote duniani ila Zanzibar. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua sana. Tuta ni udongo na lami kidogo, na madereva watalilaani kwa wiki mbili kisha watazoea.

Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu ni Ifakara. Kijiweni watu hutania kwamba Tanzania iliwahi kusafirisha vyura kwa ndege kwenda Marekani na kuwajengea mvua ya bandia huku sisi umeme unakatika. Ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwa na maana gani? — Mwanafunzi, Ifakara

Ni kweli tupu, na kijiwe chenu kipo karibu na mahali penyewe kuliko watu wengi wanaosimulia habari hiyo.

Mto Kihansi unaporomoka kutoka milima ya Udzungwa kuingia bonde la Kilombero. Chini ya maporomoko, manyunyu ya maji yalilowesha korongo mchana na usiku, mwaka mzima, na kwenye majani hayo ya kulowana aliishi chura mdogo wa rangi ya njano, mkubwa wao hafiki hata sentimita tatu. Hatagi mayai kama vyura wengine. Anazaa vitoto kamili. Eneo lake lote la kuishi duniani lilikuwa kama hekta mbili. Wewe mwenyewe kwa hekta mbili hupati mpunga wa kukulisha ukoo.

Mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini, megawati 180, ulikuwa umeshaanza kujengwa chura huyo alipogunduliwa mwaka 1996. Hapo ndipo shina la mambo yote. Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwenye handaki, manyunyu yakakatika, majani ya kulowana yakaanza kukauka na magugu ya sehemu kavu yakaingia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa kupelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York. Korongoni kukawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na sehemu ndogo ya maji ya mto ikaachwa iendelee kupita. Hiyo ndiyo mvua ya bandia ya kijiweni kwenu. Ilifanya kazi: kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa karibu 20,000.

Kisha wakaanguka ndani ya miezi michache. Januari 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Walipopimwa ilikutwa kuvu ya ngozi inayoua vyura, ile ambayo imemaliza aina nyingi za vyura katika mabara mengine. Wapo wanaotaja pia dawa za mashambani zilizoshuka na tope bwawa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mimi sipendi hadithi ya sababu moja. Kiumbe aliyebanwa kwenye hekta mbili zenye maji ya bomba hahitaji pigo kubwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye matangi ya vioo, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani. Mwaka 2010 kundi la kwanza la vyura 100 lilirudishwa nyumbani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni kwao.

Umeuliza maana. Nitakujibu kama mtu wa saiti, si kama mtu wa vyura. Hesabu gharama: matangi ya miaka mingi kwenye nchi mbili, safari, wataalamu, mabomba, maabara. Sasa linganisha na wataalamu wachache waliolala korongoni misimu miwili kabla mchoro haujasainiwa. Tathmini zetu za zamani ziliangalia mahali bwawa litakapofurika. Huko chini, kule maji yatakakopungua, nani alienda? Mto una pande mbili za ukuta wa bwawa. Umeme ungejengwa tu, sijasema usijengwe. Lakini kiasi cha maji ya kuacha korongoni kingejadiliwa kalamu ikiwa bado ni ya risasi.

Na kuvu nayo ina somo lake kwa watu wa buti. Spora zake husafiri kwenye tope na maji, yaani kwenye viatu, nyavu na vifaa vya watafiti na mafundi wenyewe. Anayeshuka Kihansi sasa hutakiwa kusafisha buti zake kwa dawa. Yule msimamizi wa Karatu angeuliza kama wameajiriwa kutafiti au kung'arisha viatu.

Mama Saiti, mimi ni msimamizi wa kazi za ardhi, Kondoa. Kingo za barabara zinamomonyoka. Kuna anayesema tupande lusina kwa sababu inakua haraka, mwingine anasema lantana kwa sababu mbuzi hawaili. Wewe unasemaje? — Msimamizi, Kondoa

Nasema hao wawili wanyang'anywe kalamu.

Kukua haraka na kutoliwa na mbuzi ndizo sifa mbili za gugu vamizi. Lantana unayoiona imefunga malisho na kingo za misitu nchi nzima ilianza kama ua la kupendeza la uzio. Lusina, ule mti wa kigeni wa malisho, hutoa maganda mengi, na mbegu zake hukaa ardhini zikingoja. Nenda ukawaulize watu wa Baringo, Kenya. Miaka ya 1980 walipandiwa mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, ili kupata kuni na kuzuia jangwa, kwa nia njema kabisa. Mti ukafunga malisho na mapito ya maji. Mifugo hula maganda yake matamu, wakaoza meno, na mbegu zinapita tumboni zikiwa salama na kuota kwenye kinyesi. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa huko Baringo, waliipeleka serikali mahakamani, na mbuzi aliyeng'oka meno akaletwa kama ushahidi. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipofika, mwenyeji hata kutafuna kukamshinda.

Usidhani pia kwamba mti wa Afrika Mashariki ni salama kila mahali pa Afrika Mashariki. Hapa juu kwangu, Amani, kuna musizi, Maesopsis eminii. Uganda na Kakamega ni mti wa nyumbani. Huku Usambara Mashariki ulipandwa enzi za bustani ya Wajerumani na baadaye ukapandwa kwa mbao, hondohondo wakala matunda na kutapakaza mbegu, na sasa umeingia ndani ya msitu wa asili kila mahali mti mkubwa ulipoanguka. Wenyeji wengi wanaamini ulikuwepo tangu babu zao.

Kwa kingo zako, anza na ulichonacho. Ule udongo wa juu mliokwangua siku ya kwanza uko wapi? Kama uliwekwa kando kwenye tuta la chini, lisilozidi mita mbili, bado uko hai: una mbegu za majani ya pale pale Kondoa. Usambaze kwenye ukingo kabla ya mvua, uukanyage kwa mistari inayokwenda sambamba na barabara, si kutoka juu kwenda chini. Kisha pandikiza ukoka kwa vipande. Hauna jina kubwa kwenye ripoti, ila unashika. Penye mteremko mkali ongeza vetiva, majani ya mizizi mirefu, ile isiyotoa mbegu, mistari kwa mistari, ikushikie ardhi wakati majani ya asili yanafunga. Kama udongo wa juu ulikwisha kufukiwa chini ya barabara, basi utalipia ng'ombe wa wenyewe wakae mbali msimu mzima, na utanunua vipande vya ukoka kwa kijiji. Kijiji kitafurahi.

Shikamoo mama. Sisi tuna jahazi la chuma la kuchimbia mchanga na mabomba yake, limefanya kazi Ziwa Victoria, Mwanza. Mwezi ujao linahamishiwa kwenye bwawa jipya la umwagiliaji mkoa mwingine. Bosi anasema likikauka jua wiki moja linatosha. — Fundi wa mabomba, Mwanza

Marahaba. Jua linatosha kwa majani. Halitoshi kwa mbegu.

Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalifunga ghuba na bandari mpaka vikaletwa vidudu vya kuyatafuna. Mmea ukikauka unakufa, lakini mbegu zake hukaa kwenye matope miaka 15 na zaidi zikingoja maji. Na matope yapo ndani ya mabomba yako, ndani ya pampu, kwenye mikunjo ya nanga na ndani ya matangi ya kuelea kama yana tobo. Fungua kila kiungio cha bomba. Toa tope lote na ulifukie huko huko Mwanza, mbali na maji. Osha kwa presha, kausha, kagua kwa tochi, ndipo lipakiwe. Kamba kuukuu zilizojaa mizizi usizisafirishe, nunua mpya. Bwawa la umwagiliaji likipata magugu maji, wakulima ndio watakaoyatoa kwa mikono, na hakuna atakayekumbuka jahazi lako. Wewe lakini utakuwa unajua.

Mama, tunachimba mtaro wa bomba la maji, kina mita moja na nusu. Kila asubuhi tunakuta kitu kimetumbukia: kobe, kenge, juzi nungunungu. Vijana wanataka kuwafanya kitoweo. Tufanyeje? — Nyapara, Handeni

Usiache mtaro mrefu wazi usiku. Chimbeni kile mnachoweza kulaza bomba na kufukia siku hiyohiyo, au kesho yake. Panapobaki wazi, kila hatua 50 hivi acheni mteremko wa udongo upande mmoja, au egesheni ubao mpana wenye vibao vya kukwea. Mnyama akitumbukia hutembea akifuata ukuta, kwa hiyo ataukuta. Ncha ya bomba izibwe kila jioni. Nyoka na panya hupenda kulala humo, na mtakuja kuwasukuma hadi kwenye tangi la kijiji.

Alfajiri mtu mmoja apite mtaro mzima kabla mashine haijawashwa na kabla mtu yeyote hajashuka chini. Kobe mwinue kwa mikono miwili, umweke upande ule aliokuwa anaelekea, si ule aliotoka, la sivyo kesho mtakutana tena. Nyoka msimguse, pigieni simu idara ya wanyamapori ya wilaya. Akitokea kakakuona, vilevile, tena harakaharaka, na simu zote za kupiga picha ziwekwe mfukoni, kwa sababu picha hizo huwafikia watu wabaya.

Kuhusu kitoweo: kumla mnyamapori aliyetumbukia kwenye mtaro wa mradi ni kumla bila kibali, na kesi itaandikwa kwa jina la nyapara. Wasomee vijana sentensi hiyo asubuhi, kisha uhakikishe mradi unawapa chakula cha mchana.